Siku Godoro la Generoza Liliporudi Peke Yake

Wadogo zangu, nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na nane. Msicheke. Wengine wanastaafu mkono unatetemeka, mimi nimestaafu na meno yote na nywele zote. Nilikuwa natangaza misiba. Pikipiki, spika ya honi imefungwa nyuma, betri ya gari ndani ya kreti ya soda, maiki mkononi. Mimi ndiye nilikuwa napita asubuhi unapiga mswaki, unanisikia, unasimama na povu mdomoni unasubiri nitaje ni nani. Ndiyo, yule. Wananiita Spika mpaka leo, ingawa spika yenyewe sina.

Juzi vijana wawili wamenifuata wananiuliza kazi ile inafanyikaje, wana pikipiki yao na wanataka kuanza. Nikawaambia kaeni chini. Mimi shule niliishia la saba, siwezi kuwaandikia kitabu, lakini nitawaambia nilivyokosea, maana nilivyopatia hakuna anayekumbuka.

Kwanza mji wenyewe. Kabuyenzi ukiipita na gari kutoka Kasulu kwenda Kitanga unaweza kudhani ni mahali pa kushusha abiria tu. Mashine ya kusaga, makanisa mawili, duka la dawa, migomba, na ukungu unaokaa mpaka saa tatu asubuhi. Lakini mtu akifa Kabuyenzi haondoki moja kwa moja. Anakaakaa kwanza, kama mgeni aliyeshaaga ila bado amesimama mlangoni anaongea.

Mfano mwenye mashine ya kusaga. Alizikwa na ufunguo wa mashine mfukoni mwa suruali. Watu wamekuja kukumbuka wiki imepita, unga umeisha majumbani. Wengine wakashauri afukuliwe kidogo tu, upande wa mfuko. Watoto wake wakakataa. Ikabidi kuvunja kufuli, na ndani wakakuta ndoo imejaa unga laini, bado wa moto. Watakwambia mzee alikuwa anamalizia oda. Na ugomvi uliotokea pale haukuwa wa mzimu, ulikuwa wa nani achukue ule unga.

Au yule mama aliyezika waume watatu, wote kwa suti ya aina moja, anamshonesha fundi mapema na kuitundika. Mume wa nne aliugua homa, siku ya pili akamwona mke wake anapiga pasi suti. Akapona palepale. Mpaka leo analima Kagerankanda na hajarudi hata kuchukua viatu.

Hizo hadithi nimezisikia misibani, nimekaa kwenye mawe matatu ya jiko nasubiri maharage. Ukifanya kazi hii utazisikia zote, na usibishe. Ukibisha wanakuambia hata wewe unaanza kufanana na marehemu fulani.

Aliyenifundisha ni mzee Ntahondi. Yeye alitangaza kwa baiskeli, na tarumbeta ya bati aliyokunjiwa na fundi wa mabirika. Akipanda mlima anakokota baiskeli, akishuka anatangaza, kwa hiyo watu wa mlimani walikuwa wanapata habari ya kifo baada ya watu wa bondeni kumaliza kulia. Goti lilipomshinda akanipa kazi. Spika nilinunua mwenyewe kwa Mkongomani mmoja anayeuza vitu vya umeme karibu na kambi ya Nyarugusu. Aliipiga kofi mgongoni akaniita mdogo kwa Kifaransa chake: "Petiti, hii iko na nguvu mingi, inaweza kuamsha mtu mwenye alikufa." Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kila kitu kilinichekesha.

Ntahondi alikuwa na namna zake na zote zilikuwa na sababu. Tembea gia ya pili, ya kwanza inapiga kelele na ya tatu inaonyesha una haraka na mtu. Usitangaze mbele ya zahanati, wagonjwa wanasikia. Na usianze na jina. Anza na kitongoji, halafu nyumba ya nani, halafu ukoo, jina liwe la mwisho, ili mwenye kuanguka apate muda wa kukaa. Mimi siku ya kwanza nilianza na jina. Nikasema Yohana. Kabla sijafika kwenye ukoo, mama watatu wenye vijana wanaoitwa Yohana walikuwa chini, mmoja amekaa juu ya beseni la dagaa.

Kosa la pili lilikuwa la flashi. Spika ile ile ilikuwa inatangaza chanjo, mpira na sabuni. Nimetangaza kifo cha mzee wa kanisa, sauti nzito, mpaka mimi mwenyewe nikajipenda. Namaliza, nabonyeza kuzima, kumbe nimebonyeza kingine. Mtoto akaimba kwa furaha kwamba familia nzima inang'aa. Familia nzima ilikuwa imesimama barabarani inaniangalia.

Lakini sharti kubwa la Ntahondi lilikuwa moja. Usitangaze mpaka umemshika marehemu unyayo. Alisema ndugu wanalia hata kwa mtu aliyezimia, ila aliyezimia unyayo wake una joto. Kwa hiyo nilikuwa naingia ndani, natoa pole, nashika mguu, natoka, nawasha pikipiki. Miaka mingi nilifanya hivyo. Halafu zikaja simu zenye makundi. Nikiwa bado nimeinama kwenye unyayo, watoto wameshatuma habari mpaka Dar, na picha. Natangaza, mtu ananijibu tumeshaona. Mnajua inavyouma? Ni kama kuhadithia mpira ambao kila mtu ameutazama. Nikaanza kukimbizana na simu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Palikuwa na mama anaitwa Generoza, mjane, anauza uji na chapati kwenye kona ya bodaboda. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia kambini, baadaye akapata uraia, akapata kiwanja hapa Kabuyenzi, akapanda migomba. Mdomo wake ulikuwa mkali lakini chapati zake laini, tukawa tunavumilia kimoja kwa sababu ya kingine. Jirani yake ni Yoranda. Wamegombana kuhusu kuku na mpaka wa shamba tangu nikiwa sijaota ndevu, na hakuna siku walikosa kupeana moto wa kuwashia jiko.

Generoza akaumwa tumbo. Fadhili wa bodaboda akampeleka hospitali Kasulu, na godoro limefungwa nyuma, maana kwetu mgonjwa haendi hospitali mikono mitupu. Anakwenda na sufuria, beseni, ndoo, na godoro la atakayemuuguza. Kufika kule akalazwa kitanda kizuri. Wa kumuuguza hakuwepo, na godoro lilikuwa jipya. Akamwambia Fadhili alirudishe lisije likachafuka. Fadhili si mtu wa maneno. Alifika Kabuyenzi asubuhi, akasimama kwa Yoranda, akasema, "Pokea godoro la Generoza," akawasha pikipiki akaondoka na abiria wa kwenda Kibondo.

Nyie mmezaliwa huku, sina haja ya kuwaeleza sana. Mgonjwa akipona anarudi na godoro lake, wamepanda pamoja. Akifa, mwili unasubiri gari, godoro linatangulia. Yoranda aliliona lile godoro limekunjwa, limefungwa kamba, beseni juu yake. Hakuuliza. Alilikumbatia palepale barabarani akapiga yowe.

Mimi nilikuwa hatua hamsini, naweka mafuta. Nikaona watoto wawili wameshatoa simu. Nikajiambia, Spika, leo usipowahi umekwisha. Sharti la unyayo nililikumbuka, siwadanganyi, nililikumbuka kabisa. Nikasema unyayo uko Kasulu, nitaushikaje? Nikawasha. Kitongoji cha Migombani, nyumba ya marehemu fulani, ukoo fulani, Mama Generoza. Sijawahi kutangaza vizuri kama siku ile. Nililia kweli, nawaza chapati.

Kufika saa nane kaburi lilikuwa limechimbwa ndani ya migomba yake mwenyewe. Kuni zimeletwa, mikeka imetandikwa. Yoranda alijua ufunguo unapowekwa, akafungua gunia la maharage. Simu ya Generoza haipatikani, na mtu gani apige hospitali kumuuliza marehemu anaendeleaje? Fadhili alilala Kibondo. Tukakesha tunasubiri mwili.

Kesho yake saa tano asubuhi Generoza akashuka kwenye pikipiki pale njia panda. Tumbo limepona, amepewa dawa, ameruhusiwa. Akaona moshi nyumbani kwake, wanawake wamekaa chini, udongo mpya kwenye migomba. Aliniambia baadaye alichowaza. Aliwaza Yoranda amekufa, na wametumia uwanja wake kwa sababu ni mpana. Basi akafunga kanga kiunoni, mikono kichwani, akaingia analia kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "Yoranda wanje, Yoranda wangu, umeniachia nani wa kugombana naye!"

Yoranda alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye mkeka wa wafiwa.

Mimi nimeona watu wanakimbia moto, nimeona wanakimbia siafu, sijaona mbio zile. Katekista alipita kwenye ukuta wa matete kama haupo. Mzee mmoja aliingia kaburini, akatoka, na hakuna aliyemwona akitoka, tulimwona tu yuko upande wa pili. Yoranda alikimbia na sufuria ya ugali mikononi na hakuimwaga. Nilibaki mimi peke yangu, si kwa ushujaa. Pikipiki ilikataa kuwaka.

"Spika," akaniambia, anafuta machozi. "Mbona wanakimbia? Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza nani."

"Ni wewe, mama."

Akakaa kwenye mkeka. Akaangalia kaburi, akaangalia masufuria, akachukua mwiko akaonja.

"Maharage ni yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mawese yako wapi humu?"

"Tulitia kidogo."

"Hata kwenye msiba wangu mmenibania mawese," akasema. Hapo ndipo nikaamini ni mzima. Wao hawakuwepo kusikia.

Walirudi mmoja mmoja, wakasimama mbali. Mwenyekiti wa kijiji akaomba kitambulisho, akakigeuza, akasema kwa kweli ile picha inafanana zaidi na marehemu kuliko na huyu. Generoza akamjibu polepole, hakupiga kelele. Akasema: "Nimekuwa mkimbizi bila kuomba. Uraia niliomba, nikasubiri mpaka mvi. Leo mmenifanya marehemu siku moja, hata fomu sikujaza."

Watu wakacheka kidogo, wakaenda nyumbani. Nikadhani imekwisha.

Wadogo zangu, kutangaza ni rahisi. Jaribuni kurudisha.

Pale Kabuyenzi maiti akikuita anakuita mara moja au mbili, hana pumzi ya tatu. Kwa hiyo mtu ukimtilia mashaka humwitikii mpaka akuite mara tatu. Generoza akawa anasalimia kila mtu mara tatu. Mwakeye, mwakeye, mwakeye, halafu ndiyo unasikia ego, kwa sauti ndogo, mtu anaangalia miguu yake kama inagusa chini. Kisimani wanawake wakawa wanampisha achote wa kwanza, na hakuna ambaye alimsogelea. Uji wake ukawa unapoa kwenye sufuria. Bodaboda wote wakahamia kwa mama mwingine ambaye chapati zake unaweza kuzibia pancha. Yoranda akawa anapita njia ya nyuma, ndefu, ya matope, asipite mbele ya mlango wa mwenzake. Na kaburi likabaki wazi, limefunikwa matawi, maana hakuna aliyetaka kulifukia likiwa tupu. Wazee walisema litatafuta wa kulijaza.

Nikajaribu kurekebisha. Nikapita na spika nikatangaza Mama Generoza ni mzima, njooni mnywe uji. Milango ikafungwa. Jina la msiba likipita mara mbili kwenye spika, wanasema, linachukua mwingine. Jioni yake watu wanne wakaapa wamemwona Generoza amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki, amenishika kiuno. Mimi namjua alikokuwa, alikuwa kwake anafua. Lakini niliwauliza alivaa nini, na wote wanne wakataja kanga ile ile.

Siku moja nikaenda kunywa uji, mteja peke yangu. Akanimiminia, akasema anaondoka. Ana dada yake Busunzu, atampa chumba.

"Na migomba?" nikauliza.

"Migomba haisafiri." Akafunika sufuria. "Kule kambini nilikuwa napanda mchicha kwenye kopo, ili siku wakisema ondokeni niubebe. Hapa ndipo mara ya kwanza nilipanda kitu chini."

Sikumaliza ule uji. Nikaenda kwa Ntahondi. Mzee alikuwa anaota jua, goti limepakwa mafuta. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu kama nilishika unyayo. Nikasema hapana. Afadhali angenitukana. Halafu akatafuta fimbo yake tukaenda kwa mwenyekiti.

Kikao kilikuwa uwanjani kwa Generoza, kaburi liko pale, watu wamekaa upande wa barabara ili iwe rahisi kuondoka. Mwenyekiti akasema jambo lenyewe si geni. Mtu akipotea na mwili usionekane, kwetu tunazika mgomba. Tukate mgomba mmoja, tuuvike kanga yake, tuuzike kwa jina lake, kaburi lishibe, maisha yaendelee. Watu wakaitikia. Ilikuwa busara.

Generoza akasimama akasema, "Mkizika mgomba kwa jina la Generoza, mimi mtaniita nani?"

Watu wakageuka kuangalia migomba. Akaendelea.

"Mwenyekiti, mimi sikatai kaburi lijae. Lakini mimi sijafa na mgomba wangu haujafa. Kilichosema nimekufa ndicho kiingie."

Nikaona vichwa vinageuka. Kwanza kwa Fadhili, akasema yeye alisema pokea godoro tu. Halafu kwa godoro, Generoza akasema hilo ni jipya. Halafu kwa pikipiki yangu, na juu yake, spika.

Nikajaribu utani. Nikasema honi ile bado ina waranti. Hakuna aliyecheka, na mimi nimezoea kuchekewa. Nikasema basi, hilo ndilo jembe langu, nitakula nini? Ntahondi akanivuta pembeni. Akaniambia, "Mwana wanje, spika wewe utapata nyingine, huku au kule. Huyu atapata wapi Kabuyenzi nyingine?"

Niliomba siku mbili. Nilizitumia kukasirika. Nikajitetea kwamba si mimi niliyelia wa kwanza, si mimi niliyefungua maharage, mimi nilitoa habari tu. Siku ya pili nikiwa naosha pikipiki ndiyo nikaelewa kitu ambacho miaka tisa sikukielewa. Yoranda alilia, watu wakatoka nje wakasimama. Watoto wakatuma kwenye simu, watu wakasoma wakasema ngoja. Hakuna aliyebeba jembe. Jembe lilibebwa nilipomaliza kutangaza mimi. Nilikuwa nadhani natoa habari za waliokufa, kumbe pale mtu alikuwa hafi mpaka nimseme. Na mwenye mdomo kama huo alikuwa anashindana na watoto wenye simu.

Jumamosi asubuhi, ukungu uko chini, tukazika. Watu walikuja wengi kuliko siku ya Generoza mwenyewe. Katekista alisema hawezi kuombea kifaa cha umeme, ila akabaki, akasimama karibu, akasema ni kwa tahadhari. Wachimbaji wakadai wapewe chakula kamili cha msiba wa mtu mzima. Generoza alipika mwenyewe, maharage yalikuwa mekundu kwa mawese, hakuna aliyelalamika. Nilikata nyaya, nikaifunga spika kwenye mkeka, nikaingia kaburini nikailaza, mdomo wake unaangalia chini. Nilikuwa nataka kusema neno la kuchekesha. Nikapanda nikatoka bila kulisema.

Ntahondi akatupa udongo wa kwanza. Mimi wa pili. Generoza akaja, akatupa kiganja kimoja, akasema, "Ulikuwa na sauti nzuri." Yoranda alisimama kwa nyuma, hakusogea.

Sasa ukipita pale siku ya ukungu, watu wanasema wanasikia matangazo chini ya migomba. Kuna mzee anakwendaga kuinama na kuuliza zamu ni ya nani. Mimi sijasikia kitu. Na betri sikuizika, ninayo nyumbani nawashia taa, kwa hiyo mnieleze inatumia umeme gani.

Mnataka kujua kama ilisaidia. Siku ya kwanza haikusaidia. Fadhili alikwenda kunywa uji, kwa aibu nadhani, halafu bodaboda wengine wawili. Watu wakaanza kumwitikia salamu ya pili badala ya ya tatu. Busunzu hakwenda, lakini mizigo alikuwa hajaifungua, niliiona mlangoni, limo na lile godoro. Mimi nikawa nabeba magunia ya maharage kwenda gulioni, kazi ambayo ukikosea mtu hafi, na hakuna aliyeniuliza lini narudi kutangaza.

Halafu akafa mzee mmoja wa kitongoji cha juu, akafa kweli, kwa uzee. Habari ikatembea kwa simu, na kwa wasio na simu ikatembea kwa miguu, mimi nikiwa mmoja wa miguu hiyo. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba, nikawa nakaa kwanza ndiyo naongea. Kwa Generoza nilifika nikamkuta ameshika mlango. Alisema ameshasikia. Aliniuliza kama aende. Mtu aliyewahi kuchimbiwa kaburi, kwenye msiba wa mwenzake, anakaa upande gani?

Alikuja. Nilikuwa na wachimbaji, niliona kila kitu. Alisimama nje ya ua, kanga imefungwa, beseni la ndizi kichwani, hajaweka mguu ndani. Wanawake jikoni wakamwona. Walikuwa kama kumi na tano, na visu vyote vikasimama. Aliyekuwa anaongoza jiko siku ile ni Yoranda, mikono imejaa utomvu mpaka kwenye viwiko. Aliinua kichwa, akamwangalia Generoza muda ambao mimi ningeweza kuchimba futi nzima.

"Wee Generoza," akasema. "Umesimama hapo kama mgeni wa harusi. Ndizi zitajimenya?"

Generoza akashusha beseni. Akaingia, akasukuma magoti ya watu, akakaa karibu na Yoranda mpaka mabega yakagusana. Akapewa kisu. Akamenya ndizi moja, ya pili, akakigeuza kile kisu akakijaribu kwenye kidole, akauliza ni nani katika nyumba hii anayemenya ndizi kwa kijiko.